Nguo za Mtoto Zilizonukia Naftalini

Karibuni. Walio nyuma wasogee, kipaza sauti hiki kina kigugumizi.

Nianze na sanduku. Mama kajifungua, bibi anatoa nguo alizomtunzia mjukuu pamoja na vidonge vya naftalini. Mtoto anavikwa. Siku mbili tatu, macho ya manjano, mkojo rangi ya chai ya mkandaa. Jirani naye kamvika wake nguo zenye harufu ileile, na mtoto hana neno.

Kilichowatenganisha ni kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, kiitwacho G6PD: mtoto wa kwanza anacho pungufu. Jeni yake imo kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaume huathirika zaidi. Oman, takriban robo ya wanaume wana upungufu huo, na huku kwetu pwani si wachache. Malaria ndiyo iliyouacha uenee, kwa kuwa unampunguzia mtu makali yake.

Seli nyekundu za damu hubeba oksijeni kutwa kucha, na oksijeni hiyohiyo huweza kuiunguza. Ngao yake ni kemikali iitwayo glutathioni. Ngao ikichakaa hufufuliwa kwa kemikali nyingine, NADPH, na anayeizalisha ni G6PD. NADPH ikipungua, G6PD hukaza mwendo, ikijaa, hutulia. Mwenye upungufu, mwito unafika lakini wafanyakazi hawatoshi. Siku za kawaida wachache hao wanamudu, hata mwenyewe hajui kama ana kasoro. Ije naftalini, au primakwini, dawa ya malaria, au dapsoni, dawa ya ukoma: hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, inaganda vibonge, bandama inavinyofoa, na chini ya hadubini seli inaonekana kama biskuti iliyong'atwa. Seli zikipasuka, ndipo yanapotokea macho ya manjano na mkojo ule.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Inazeeka na kile ilichozaliwa nacho, siku kama 120. Katika aina ya upungufu iliyoenea Afrika, kimeng'enya hicho huchakaa upesi, kwa hiyo seli kongwe ndizo zinazopasuka, changa zinasalimika. Watafiti wa Marekani waliliona hilo kabla upungufu wa G6PD haujatajwa mwaka 1956: mtu anaendelea kumeza primakwini kila siku, na kiwango cha damu kinaanza kupanda chenyewe!

Lakini hapo pana mtego. Ukipimwa G6PD katikati ya tatizo, zilizobaki ni seli changa, zenye kimeng'enya cha kutosha, na cheti kinaweza kusoma kwamba u mzima. Mrudisheni mtoto apimwe tena baada ya miezi mitatu.