Msikingoje Kiwanda

Wanaonijua wanajua nitakachosema, na wengine wameshaanza kucheka. Chekeni. Kila nikialikwa kuzungumzia toi za mashujaa, zile sanamu ndogo za plastiki zenye viungo vinavyokunjika, lazima mtu ainue mkono: kiwanda chetu kitafunguliwa lini, tununue mashujaa wetu wenyewe dukani? Nami najibu vilevile. Hata kikijengwa kesho pale Enterprise Road, Nairobi, hakitakutengenezea unachokitaka.

Shida ni kalibu. Toi ya plastiki huanzia kwenye vipande vya chuma vilivyochongwa umbo kwa ndani. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa humo kwa nguvu, ikipoa inatolewa. Plastiki si ghali. Kuchonga kile chuma ndiko kunakomeza pesa na miezi, na pesa hiyo hairudi mpaka uuze maelfu kwa maelfu.

Filamu ya kwanza ya Star Wars ilitoka Mei 1977, na kibali cha kutengeneza toi zake walikuwa nacho kampuni ya Kenner ya Cincinnati. Watu wakaipenda filamu kuliko ilivyotarajiwa. Krismasi hiyo inakuja, toi haziko tayari. Wafanyeje? Waliuza kadibodi! Sitanii, jamani. Bahasha yenye picha, stika, na fomu ya kujaza na kutuma kwa posta, ili mwaka unaofuata uletewe toi nne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Mzazi anafunga zawadi, mtoto anachana karatasi, anakuta fomu. Na hao ni Wamarekani, wenye mashine, wenye filamu iliyojaza kumbi! Pesa zote hizo, na chuma hakikukubali kuharakishwa. Leo wakusanyaji wanaigombania kadibodi hiyo hiyo.

Ndiyo maana viwanda hujibana. Mattel, kampuni nyingine ya toi, walipoanza kuuza shujaa wao He-Man mwaka 1982, kiwiliwili kile kile chenye misuli waliwagawia wahusika kibao, wakabadilisha vichwa, rangi na silaha. Sasa niambieni, kwa hesabu hiyo, konda wa matatu ya Rongai anayening'inia mlangoni atafikiwa lini?

Konda wako mtengeneze mwenyewe, kutokana na toi ya zamani; wewe huna kalibu ya kulipia. Nenda soko la Gikomba, pekua lundo la toi za mitumba, umtoe shujaa ambaye hakuna anayemtaka. Mtumbukize kichwa kwenye maji ya moto. Kinalegea kama muhogo uliochemka, unakichomoa bila kuvunja kijiti cha shingoni. Kizibao cha konda unakifinyanga kwa ile gundi ya udongo ambayo mafundi bomba huikanda kuziba mabomba yanayovuja. Ikikauka, piga msasa.

Halafu goti. Hapa ndipo wengi hunikasirisha. Mtu anapaka rangi nzuri juu ya goti, anapiga picha, anakunja mguu mara moja tu: rangi inabanduka, buluu ya yule shujaa wa zamani inachungulia. Sugua kwanza kuta za ndani za kiungo, upate nafasi ya unene wa rangi. Kisha paka nyembamba, ikauke, urudie. Hiyo haraka yenu mnaipeleka wapi?

Kuna mzee pale nyuma anasema haya ni mambo ya watoto. Shikamoo, mzee wangu. Wewe hukuwahi kusukuma gari la waya lenye matairi ya visoda na usukani mrefu hadi kifuani? Nani alikuletea kalibu?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kugusia bei, na ule ugomvi wa wakusanyaji, wa kufungua boksi la toi au kuliacha limefungwa. Fungueni, tuendelee. Ila rangi siiachi. Mwaka 2007 Mattel waliondoa mamilioni ya toi sokoni, baadhi yake kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Ikiwa wao liliwapita, sembuse wewe na kopo lisilo na lebo? Toi uliyoipaka mwenyewe iwe ya kuweka kwenye rafu, asipewe mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

Waliokuja na toi, sogeeni meza ya mbele. Birika limeshachemka, na misasa iko ya kutosha.