Swali Ndilo Linalowakutanisha Wanafunzi wa Masafa

Ndugu wahadhiri na wakufunzi wenzangu,

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanza kufundisha mwaka 1994, mwanafunzi alikabidhiwa vitabu vya kozi, akaenda kusoma peke yake. Wenzake aliwaona kwa nadra, kwenye vipindi vya ana kwa ana na vyumba vya mitihani. Leo anafungua Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kwenye simu yake na jukwaa la majadiliano limo humo. Hata hivyo, upweke wake haujaisha.

Ingieni kwenye majukwaa ya kozi nyingi mtaona ninachosema. Mmoja amenakili aya kutoka kitabuni, wanaofuata wanaandika "naunga mkono hoja", basi. Tunasema wanafunzi ni wavivu. Mimi naomba tuanze kulitazama swali lenyewe.

Ukiuliza "Eleza misimu ya mvua Tanzania," jibu limo kitabuni, na aliyewahi kujibu amelimaliza. Waliobaki watasema nini zaidi ya kumpongeza?

Chukueni darasa hilohilo la jiografia. Mwanafunzi mmoja yuko Mbeya, mwingine Tanga, mwingine Bukoba, mwingine Mtwara. Kila mmoja amwendee mkulima wa jirani amuulize: mahindi ulipanda lini, ulipalilia lini, ulivuna lini? Aandike majibu kama alivyoyasikia. Kisha atafute mwenzake ambaye kalenda yake haifanani na ya kwake, wakae wawili waeleze kwa nini. Wa Mbeya ataleta msimu mmoja mrefu unaoanza mnamo Novemba. Wa Tanga ataleta vuli na masika. Hapo hawakwepani. Mmoja hamalizi kazi bila mwenzake. Na watakapobishana, watafika wenyewe kwenye maelezo tunayotaka: ukanda wa mvua hulifuata jua, kaskazini hupita ukishuka na hupita tena ukirudi, ilhali kusini safari hizo mbili hukaribiana mpaka zinakuwa msimu mmoja. Wanafunzi waliokaa pamoja katika ukumbi mmoja Dar es Salaam wangezipata wapi kalenda hizo? Umbali tunaoulalamikia ndio uliotuletea.

Moodle ina aina ya jukwaa inayosaidia sana hapa, lile la maswali na majibu. Mwanafunzi haoni michango ya wengine mpaka naye atume wa kwake na muda wa kuuhariri upite, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Kunakili kunakosa nafasi mwanzoni, na mwenye woga anaandika kabla ya kutishwa na ufasaha wa wengine. Sijaona sababu ya kutolitumia.

Kuna jambo gumu kwetu walimu: kunyamaza. Mwanafunzi akiuliza saa tatu usiku, ukamjibu saa tatu na robo, mjadala umeufunga. Nani atathubutu kusema baada ya mhadhiri? Subiri siku moja au mbili. Ukiingia, waunganishe: "Mwenzako wa Bukoba ameandika kinyume cha hili, soma mchango wake umjibu." Kama kuna kosa la hatari, lisahihishe mara moja, mengine yaache yachemke.

Kuhusu WhatsApp, siipuuzi. Kwa matangazo na kutiana moyo inafaa sana. Lakini hoja iliyoandikwa Jumatatu, kufikia Alhamisi imefunikwa na salamu na picha, na muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku hawezi kuipata tena. Kwenye jukwaa ataikuta chini ya kichwa chake, ataijibu akitoka kazini, na maandishi hayamalizi bando kama kipindi cha video.

Na alama zitolewe kwa jibu alilompa mwenzake, si kwa mchango wake wa kwanza tu. Mwanafunzi anayelipa ada kwa mshahara mdogo hutumia muda wake mahali tunapopathamini, na ana haki.

Sasa fungueni kozi zenu, kila mmoja atusomee swali la kwanza alilowapa wanafunzi wake. Tuanze na walimu wa mwaka wa kwanza.