Ushuru Umekushinda? Jaza Ritani Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje, asanteni sana.

Kuna jambo ninaloliona kila mwaka ukifika mwezi wa sita. Mtu anajua ana ushuru wa mapato wa kulipa, anahesabu alizo nazo, hazitoshi, basi ananyamaza. Ritani, ile fomu ya kutangaza mapato yake ya mwaka, hajazi, barua pepe za KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hafungui, namba asiyoijua ikipiga hapokei. Namwelewa, deni linatia haya. Lakini kule kunyamaza ndiko kunakomuumiza.

Kujaza ritani ni jambo moja, kulipa ni jingine. Kila moja lina tarehe yake na faini yake. Kwa anayefunga hesabu 31 Desemba, ushuru uliobaki hulipwa kufikia 30 Aprili. Ritani ndiyo yenye mwisho wa 30 Juni. Wengi wetu tunangoja Juni tukidhani ndiyo ya yote mawili, kumbe riba imeshaanza kutembea.

Hebu tupige hesabu. Fundi wa kandarasi ndogondogo, ushuru wake wa mwaka ni shilingi 180,000, naye ana 60,000 tu. Akizilipa hizo mapema, zinabaki 120,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani 6,000, na hutozwa mara moja. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani 1,200, tena riba hiyo haizai riba nyingine. Sasa tuseme amekaa kimya, hakulipa wala hakujaza. Faini ya malipo inakuwa 9,000, riba 1,800 kila mwezi, halafu inakuja faini ya kuchelewesha ritani: 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Kwake ni 9,000 nyingine. Hizi za mwisho angeziepuka bila kuwa na hata senti mfukoni, kwa kujaza fomu tu.

Na zile 120,000? Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 33, inakuruhusu kumwandikia Kamishna uombe muda zaidi, au ulipe kwa awamu. Hapa nawasihi sana: msiahidi msichokiweza. Mtu akiwa mbele ya afisa anataka kuonekana mwema, anasema 30,000 kwa mwezi, na biashara yake inatoa 12,000. Ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Sema 12,000, na upeleke taarifa za benki na M-Pesa zionyeshe hivyo. Riba haisimami wakati wa mpango, lakini sheria hairuhusu ipite ushuru wenyewe.

Kukopa je? Mkopo wa sako wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio lililobaki, sawa, fikiria. Mkopo wa simu, hapana. Usikimbie riba ya asilimia 1 kwa mwezi ukaingia kwenye mkopo unaokata zaidi ya hiyo kwa wiki chache.

Wapo wanaongoja msamaha. Ni kweli ulikuwepo: ukilipa ushuru wenyewe, faini na riba zilifutwa. Wa kwanza uliisha 30 Juni 2024, ukarudishwa, ukaisha tena 30 Juni 2025. Aliyepanga maisha yake kwa kutarajia mwingine anacheza na akaunti yake, maana KRA ina uwezo wa kuiandikia benki yako, hata mteja anayekudai... niseme vizuri, mteja unayemdai wewe, kwamba pesa zako zipelekwe kwao. Nimekaa na mama aliyekuta akaunti haina kitu siku ya kulipa vibarua. Alikuwa ameletewa barua tatu, hakufungua hata moja.

Pale nyuma kuna kompyuta. Waliokuja na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa ushuru, na hesabu za mwaka jana, sogeeni, tuanze na wenye barua ambazo hazijafunguliwa.