Mstari wa Nne

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja. Mwalimu aliyenialika aliniomba niwaeleze siri ya mwanamke kufanikiwa katika kazi ya uwekezaji. Nikamwambia siri sina, nina daftari. Basi nitawasimulia habari za daftari.

Nilianza nikiwa mchambuzi mdogo katika kampuni iliyosimamia akiba za wafanyakazi. Kamati ya uwekezaji ilikuwa ya watu saba, mwanamke nikiwa peke yangu. Kikao cha kwanza, kabla sijakaa sawasawa, mwenyekiti akanisogezea kalamu: "Dada, utatuandikia kumbukumbu." Niliumia, sitawaficha. Nilikuwa nimekesha siku tatu na hesabu za kampuni moja ya ujenzi, hoja ninazo, halafu nageuzwa karani!

Lakini ile kalamu ilinifungua macho. Ukikaa kuandika wanayosema watu, unagundua mengi hayana sababu ndani yake. "Kampuni hii naipenda." "Bei itapanda tu." "Mkurugenzi wake namfahamu." Miezi ikipita na hisa zikishuka, kila mmoja anakumbuka kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Zikipanda, wote walijua. Kumbukumbu zangu zilikuwa zinasema vingine kabisa.

Ile kampuni ya ujenzi, faida yake ilikuwa imepanda miaka mitatu mfululizo. Ukurasa wa mbele unapendeza, picha za madaraja na kila kitu. Sasa fungua taarifa ya mtiririko wa fedha: pesa taslimu zinazoingia kutokana na shughuli zenyewe zinapungua mwaka hadi mwaka. Nenda kwenye maelezo ya nyuma, yale ya maandishi madogo: madeni wanayowadai wateja yanakua haraka kuliko mauzo. Yaani wanauza kwa mkopo, wanaandika faida, na mfukoni hakijaingia kitu. Nikainua mkono, kalamu ikiwa bado vidoleni. Nikajibiwa kwamba hesabu zimeshakaguliwa. Tukanunua.

Mnasubiri niseme ilianguka mwezi uliofuata. Haikuanguka. Ilijikokota, mwaka wa pili ikasimamisha gawio, yaani ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, na bei ikazama polepole kama jiwe kwenye tope. Hasara nyingi za kazi hii huja hivyo, kimyakimya, hakuna wa kupiga kelele.

Jioni ya kikao kile nikanunua daftari la kwangu. Kila nikipendekeza kununua kitu naandika mistari minne: tarehe, bei, sababu, na jambo ambalo likitokea nitakubali kwamba nilikosea. Huo wa nne ndio mgumu.

Waliotutangulia walibanwa kuliko mimi. Muriel Siebert, Mmarekani, alipotaka kununua kiti katika Soko la Hisa la New York, yaani haki ya kununua na kuuza hisa mwenyewe ndani ya soko, wanaume tisa wa kwanza aliowaomba wamdhamini walimkatalia. Kisha soko likamtaka alete barua ya benki kwamba itamkopesha dola 300,000 kati ya bei ya dola 445,000, sharti ambalo halikuwahi kuwekewa mtu kabla yake. Benki nazo zikasema hazitaandika mpaka soko limkubali kwanza. Mnaona mchezo huo? Alikipata kiti Desemba 1967, yeye na wanaume 1,365.

Ila ninayemfikiria zaidi ni Geraldine Weiss. Mwaka 1966 alianzisha jarida la ushauri wa hisa, akawa anatia sahihi "G. Weiss" ili wasomaji wasijue ni mwanamke. Alijitokeza kwenye televisheni mwaka 1977, wakati jina lilikwisha kujijengea heshima. Kilichonivutia ni jinsi alivyochagua hisa: alitazama gawio. Faida ya kwenye karatasi unaweza kuipamba, gawio lazima ulilipe kwa pesa uliyonayo. Ningekuwa nimemsoma mapema, ningemjibu yule mwenyekiti vizuri zaidi.

Kuna utafiti ambao wanawake wa fani hii tunaupenda sana. Brad Barber na Terrance Odean, mwaka 2001, walichapisha uchunguzi wa kaya zaidi ya 35,000 za Marekani kati ya 1991 na 1997. Wanaume walinunua na kuuza hisa kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na pilikapilika hizo ziliwamega pointi 2.65 za asilimia za mapato yao ya uwekezaji kila mwaka. Kicheko hicho nimekisikia, akina dada. Wanawake pilikapilika zao ziliwamega pointi 1.72. Sioni cha kutamba hapo.

Neno letu "amana" lina maana mbili: pesa iliyowekwa benki, na kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Kazini tunaitumia ile ya kwanza, ya pili tunaiachia mahubiri. Fanyeni hesabu muone kwa nini ile ya pili inatuhusu. Chukua 100, ikue kwa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 30 inafika kama 761. Sasa mwenye pesa akatwe ada ya asilimia 2 kila mwaka, ikue kwa 5: anapata 432. Na zile asilimia 2 zilionekana ndogo siku ya kutia sahihi. Kazi yangu ya pili niliiacha kwa ajili ya hesabu hii. Tulitakiwa kuhamisha akiba za wastaafu kwenda mfuko wenye ada mara mbili kwa kuwa ulitulipa vizuri sisi. Nilikaa nyumbani miezi sita. Haikuwa ushujaa, nililia sana.

Na mimi nimekosea. Niliwahi kupendekeza hatifungani ya kampuni moja, yaani hati ya kuikopesha kampuni pesa kwa riba, bei yake ikashuka kwa theluthi. Mdhamini wa mfuko wa wastaafu, mzee mmoja mpole, akaja ofisini. Hakugomba. Akaniuliza, "Binti yangu, siku ile ulikuwa unafikiri nini?"

Ningeweza kumwambia soko lilibadilika. Nikamfungulia daftari. Akavaa miwani, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Tarehe. Bei. Sababu: "uongozi unajiamini". Kidole kikafika mstari wa nne kikasimama.

"Na hapa?"

"Hapo sikuandika kitu, mzee."

Akalifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. Robo mwaka iliyofuata, kabla hajauliza faida ni kiasi gani, aliomba asomewe mistari yote ya nne.