Jinsi ya Kumwuliza Waziri Swali Asiloweza Kulikwepa

Karibu. Video hii imeandaliwa kwa ajili ya wabunge wapya, wasaidizi wao, na kila anayejifunza namna Bunge linavyoihoji Serikali kuhusu sera za ndani, iwe ni afya, elimu, maji, ardhi au kodi. Tutaandaa swali moja kuanzia wazo la mwanzo hadi kumbukumbu rasmi za kikao, na mfano wetu utakuwa upungufu wa dawa katika vituo vya afya vya umma, jambo ambalo Waziri wa nchi yoyote anaweza kusimamishwa kulijibu. Nitakuomba ukubali mpangilio mmoja usio wa kawaida, kwamba swali la nyongeza, yaani lile linaloulizwa papo hapo baada ya Waziri kujibu, tutaliandika kabla ya swali la msingi, yaani lile analopelekewa mapema. Sababu yake utaiona tutakapofika hapo.

Hatua ya kwanza ni kumtambua Waziri anayewajibika. Hatua hii inaonekana rahisi, lakini upungufu wa dawa unaweza kutokana na ununuzi, na hapo mhusika ni Waziri wa Afya. Au na fedha ambazo hazikutolewa, na hapo mhusika ni Waziri wa Fedha. Au na usambazaji, ambao katika nchi nyingi uko mikononi mwa serikali za mitaa. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63, inaliruhusu Bunge kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma, lakini inaongeza sharti kwamba mambo hayo yawe katika wajibu wake. Sharti hilo fupi ndilo linalowaokoa Mawaziri wengi. Ukilielekeza swali pasipo penyewe, litahamishiwa wizara nyingine, au litajibiwa kwa sentensi moja inayokueleza kwamba jambo hilo si la wizara hii, na nafasi yako itakuwa imekwisha.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi. Tafuta hotuba ya bajeti ya wizara husika, ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, na majibu ambayo Waziri huyo au mtangulizi wake aliwahi kuyatoa juu ya jambo hilohilo. Usisimame kuuliza jambo ambalo hulijui kabisa. Swali la bungeni halikusudiwi hasa kukupa wewe habari, kwa kuwa habari ungeweza kuipata kwa barua. Linakusudiwa kumfanya Waziri atamke jambo hadharani, kwa jina lake na kwa tarehe inayojulikana, ili baadaye aweze kudaiwa.

Hatua ya tatu ni kuchagua aina ya swali. Kama unahitaji takwimu nyingi, kwa mfano hali ya dawa katika kila wilaya, uliza kwa maandishi, kwa sababu hakuna Waziri atakayezisoma zote ukumbini, na hata akizisoma hutaweza kuzishika. Nchini Ujerumani, makundi ya vyama katika Bundestag, yaani Bunge la nchi hiyo, hupeleka maswali mengi ya namna hii, na Serikali inatakiwa kuyajibu ndani ya siku 14. Kama unataka kumbana Waziri mbele ya wenzake, uliza kwa mdomo, lakini fahamu kwamba nafasi ni chache. Katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, saa ya maswali huwa na maswali 20 tu yaliyopangwa kujibiwa kwa mdomo, na mara nyingi muda huisha kabla ya kuyafikia yote. Lipo pia swali la dharura, ambalo Spika ndiye anayeamua kama jambo lenyewe haliwezi kusubiri. Liombe pale tu ambapo dharura ni ya kweli, kwa maana Spika aliyekwisha kukuona unaita kila jambo dharura hatakusikiliza siku itakapokuwa kweli.

Sasa tunafika kwenye hatua ya nne, ambayo ndiyo moyo wa video hii. Chukua karatasi, uigawe sehemu mbili. Upande wa kushoto andika majibu ambayo Waziri anaweza kuyatoa, na upande wa kulia andika swali la nyongeza kwa kila jibu. Majibu hayo si mengi kama unavyodhani, kwani lugha ya Serikali ina misemo yake inayojirudia, na ukisoma kumbukumbu za vikao vichache tu utaizoea. Jibu la kwanza ni kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo na inaendelea kuchukua hatua. Mbele yake andika: hatua ipi, imeanza lini, na imefikia vituo vingapi? Jibu la pili ni kwamba dawa zitapelekwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbele yake andika: katika bajeti ya mwaka huu ni kiasi gani kilitengwa kwa ajili ya dawa, na hadi leo ni kiasi gani kimekwisha kutolewa? Zingatia tofauti kati ya kutengwa na kutolewa, kwa sababu fedha inaweza kutengwa kwa fahari siku ya kusomwa kwa bajeti na isitoke hazina hadi mwaka wa fedha unamalizika, na Waziri anayependa kukwepa ataitaja ile ya kwanza kana kwamba ndiyo ya pili. Jibu la tatu ni kwamba mchakato unaendelea. Kwa jibu hilo mimi huuliza kitu kimoja tu: utakamilika lini?

Simamisha video hapa, umalize karatasi yako kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano ni kuandika swali la msingi, na sasa unaweza kuona kwa nini tumelichelewesha. Swali la msingi Waziri analifahamu mapema. Wataalamu wa wizara wameliandikia jibu, nalo limepitiwa na wakubwa wao kabla ya kumfikia. Hapo huwezi kumshtua mtu. Kazi ya swali la msingi ni kumleta Waziri mahali ambapo swali lako la nyongeza linamsubiri. Wabunge wa Uingereza wameifikisha mbinu hii kwenye kilele chake: katika maswali ya kila Jumatano kwa Waziri Mkuu, wengi huorodhesha swali lilelile la kumtaka aeleze shughuli zake za siku hiyo, na swali lao halisi ni lile la nyongeza, ambalo Waziri Mkuu hakuletewa kabla.

Liandike kwa ufupi, bila hoja wala lawama. Kanuni za mabunge mengi hukataa swali lenye maoni, lenye matusi, linalohusu shauri lililoko mahakamani, au ambalo limekwisha kujibiwa karibuni. Kwenye skrini unaona mifano miwili. Wa kwanza unasema: “Je, Serikali inafahamu mateso ya wananchi wanaokosa dawa, na ina mkakati gani?” Huu ni mwaliko wa kusomewa hotuba. Wa pili unasema: “Je, ni vituo vingapi vya afya vya umma vilivyokosa dawa za malaria kwa zaidi ya siku saba katika robo ya mwisho ya mwaka wa fedha uliopita?” Swali la pili linadai idadi, na kama idadi hiyo haipo, basi kukosekana kwake kunakuwa habari kubwa kuliko idadi yenyewe.

Hatua ya sita ni kuuliza ukumbini. Sikiliza jibu la Waziri hadi mwisho, hata kama linachosha, kisha tazama karatasi yako na uchague swali la nyongeza linalolingana na jibu hilo. Katika Bunge la Tanzania, mwuliza swali kwa kawaida hupewa maswali mawili ya nyongeza, na wapo wanaoyapoteza kwa kutoa shukrani ndefu, kueleza historia ya jimbo na kubandika maswali manne ndani ya moja. Waziri akiulizwa manne hujibu lililo jepesi na kuketi. Uliza moja, nawe uketi.

Katika nchi ambazo Mawaziri si wabunge, kazi hii hufanyika zaidi katika kamati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 153, inamlazimu Waziri kufika mbele ya kamati anapotakiwa na kujibu maswali kuhusu jambo lolote lililo chini ya dhamana yake. Kamati ina muda mrefu kuliko ukumbi, na kwa maoni yangu ndipo mahali pazuri zaidi pa kuhojia sera za ndani, hata pale ambapo Mawaziri ni wabunge. Tarehe 25 Aprili 2018, Kamati ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, chini ya mwenyekiti wake Yvette Cooper, ilimhoji Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, kufuatia kashfa ya namna wizara yake ilivyowatendea wakazi wa miaka mingi waliotoka visiwa vya Karibi. Ndani ya mahojiano hayo aliulizwa jambo finyu: je, kulikuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini? Alikana. Siku chache baadaye nyaraka za wizara zilizoonyesha kwamba malengo yalikuwepo zilifichuliwa, na tarehe 29 Aprili akajiuzulu, akikiri kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Wahamiaji walikuwa wametetewa kwa hotuba nyingi kali kabla ya siku hiyo, lakini lililomwondoa ni swali ambalo jibu lake liliweza kulinganishwa na karatasi.

Hatua ya saba hufanyika baada ya kikao. Chukua kumbukumbu rasmi, yaani Hansadi, uweke alama kila mahali ambapo Waziri ametamka tarehe, kiasi au ahadi, kisha uziandike tarehe hizo kwenye kalenda yako. Lok Sabha ina kamati maalumu ya kufuatilia ahadi za Serikali, iliyoundwa mwaka 1953. Mahali pasipo na kamati kama hiyo, mfuatiliaji ni wewe. Muda ukipita bila utekelezaji, peleka swali jipya linaloanza kwa kutaja siku ambayo Waziri aliahidi, na uliza kilichofanyika tangu siku hiyo. Akikwepa tena, subiri bajeti ya wizara yake, kwa kuwa mbunge wa Tanzania anaweza wakati huo kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutoa hoja ya kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja, hadi apate maelezo ya kuridhisha, na Waziri hawezi kuondoka ukumbini na bajeti yake kabla hoja hiyo haijaamuliwa.