Mwalimu, Mwambie Mzazi Ulichokiona

Walimu wenzangu, mbukwenyi!

Nianze na kosa langu. Nikifundisha darasa la pili wilayani Chamwino, Dodoma, siku ya kikao cha wazazi nilimwambia mama mmoja, watu wakisikia: "Mama, mwanao ni mzito, darasa hili haliwezi." Hakunijibu. Alijifunga kanga vizuri, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Majuma matatu sikumwona.

Ndipo nikayafungua madaftari ya mtoto. La kunakili ubaoni lilikuwa safi, mwandiko umenyooka. La imla lilikuwa tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Nikaenda kwao. Mama akaniambia sikio la kushoto linatoa usaha tangu akiwa mchanga. Yeye alijua siku zote. Mimi sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo nawaomba: msimpe mzazi jina la ugonjwa, sisi si madaktari. Mpe ulichokiona, daftari likiwa mkononi. "Mama, akinakili anaandika vizuri, nikisoma imla haandiki. Nyumbani ukimwita akiwa amekupa mgongo, huitika?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Na macho vilevile. Huku kwetu, Kongwa hasa, trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, imetesa watu miaka mingi. Anayefikicha macho na kusogeza daftari puani aende kwanza zahanati.

Mfuate mzazi. Mvua zikishika, Desemba hadi Aprili, yuko shambani. Barua yako itamngoja. Wala usimtume mdogo wake mtoto huyo, atafika na ujumbe mmoja tu: "Mwalimu kasema kaka hana akili."

Wapo wanaosikia "elimu maalumu" wakadhani mtoto atachukuliwa bweni, kama wale wa shule ya wasioona ya Buigiri. Mweleze kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake. Mweleze pia utakachofanya wewe kesho asubuhi. Hapo ndipo mzazi anapoanza kukuamini.

Yule mtoto alitibiwa, nami nikamhamishia dawati la mbele, sikio la kulia likinielekea. Imla iliyofuata alipata maneno manne kati ya kumi. Mama yake hakujua kusoma. Alilishika daftari, akaniuliza: "Mwalimu, ni yapi hayo manne?" Nikamwonyesha moja moja, naye akayapitia kwa kidole.