Chenga Zinazobaki: Mhadhara kuhusu Kioo cha Paa la Gari Kinapopasuka

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wenzangu, madereva na wageni wetu wote, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Hapa mezani nimeweka chupa ndogo yenye chenga za kioo. Nilizitoa ndani ya gari ambalo mwenyewe alikwisha kukabidhiwa na karakana nyingine likiwa na kioo kipya cha paa, viti vimefutwa na kapeti imefagiliwa. Aliniletea kwa sababu kioo kile kipya kilikwama kila kilipofunguliwa nusu, na mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalichuruzika hadi miguuni pa abiria wa mbele. Nilipoishusha dari ya kitambaa, nilikuta chenga zimenasa katika grisi ya reli, na nyingine zimeziba mpira wa kutolea maji. Kioo kipya hakikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kikisumbua ni kile cha zamani, ambacho kila mtu aliamini kuwa kimekwisha kuondolewa. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu: kioo cha paa kinapopasuka, kukiweka kipya ni kazi ya saa chache, lakini kukitoa cha zamani chote, tangu barabarani hadi ndani ya mifereji ya paa, ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na namna kioo hiki kinavyotengenezwa. Magari mengi yenye dirisha la paa, au sanrufu kama wengi tunavyoiita, hutumia kioo kilichokazwa kwa joto. Kiwandani hukatwa na kulainishwa kingo kwanza, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, na kinapotoka hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso hupoa na kuganda mapema, ilhali kiini bado kina moto. Kiini nacho kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini uso uliokwisha kuganda haukipi nafasi, kwa hiyo uso hubaki umegandamizwa na kiini hubaki kimevutwa kwa muda wote wa uhai wa kioo. Kukazwa huko hukipa kioo nguvu mara 4 hadi 5 ya kioo cha kawaida chenye unene uleule. Huko huko pia ndiko kunakokifanya kisikatwe wala kutobolewa tena baadaye, kwa maana ufa ukishavuka uso na kukifikia kiini, nguvu yote iliyofungiwa hufunguka kwa mara moja, na ufa hukimbia kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, ukigawanyika na kugawanyika tena mpaka kioo kizima kimekuwa chenga.

Tabia hii ilijulikana zamani, kabla ya gari lolote kutembea barabarani. Mwaka 1660 mwana wa mfalme aitwaye Rupert alipeleka Uingereza matone ya kioo yaliyotengenezwa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi. Kichwa cha tone kilistahimili kipigo cha nyundo, lakini mkia wake mwembamba ulipokatwa kwa vidole, tone zima lilisagika papo hapo. Kioo cha paa nacho kina mkia wake, nao ni ukingo. Katikati yake huvumilia mengi, ila ukingo hauvumilii. Jiwe dogo lililorushwa na gurudumu la lori, au chuma cha kubebea mizigo kilichofungwa vibaya juu ya paa, huweza kuacha kovu ambalo jicho halilioni, kisha kovu hilo likangoja mpaka jua kali, baridi ya usiku, maji baridi ya kuoshea kioo chenye moto au kujinyonga kwa bodi katika barabara mbovu kulimalizie kazi. Dereva husikia mlio kama wa bunduki, hakuna jiwe wala tawi mbele yake, naye husema kioo kimepasuka chenyewe. Hasemi uongo, kwa kuwa ndivyo alivyoona. Mlio ni wa leo, ila kidonda huenda ni cha mwezi uliopita.

Ukingo huo una jambo jingine. Ule mkanda mweusi unaouzunguka ni rangi ya kauri iliyochomwa pamoja na kioo, na kazi yake ni kuficha gundi na kuikinga na miale ya jua. Korea Kusini ilipolipeleka suala la vioo vikubwa vya paa katika jukwaa la Umoja wa Mataifa linalooanisha kanuni za magari, hoja yake kuu ilikuwa kwamba sehemu iliyopakwa rangi hiyo ni dhaifu kuliko sehemu iliyo wazi, ilhali jaribio lililozoeleka, la kudondosha tufe la chuma lenye uzito wa gramu 227, hulenga katikati ya kioo. Kadiri paa za vioo zilivyopanuka, ndivyo eneo hilo jeusi lilivyopanuka pia. Mara chache huwamo pia chembe ya salfaidi ya nikeli iliyonaswa ndani ya kioo tangu kiwandani, ambayo huvimba polepole na kukipasua kutoka ndani. Hilo linajulikana zaidi katika vioo vya majengo, nami silifanyi kuwa jibu la kwanza gari linapoletwa kwangu.

Baadhi ya magari yana kioo cha matabaka juu ya paa, yaani vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Asili yake ni chupa iliyomponyoka mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka 1903. Ilipasuka lakini haikusambaratika, kwa kuwa ndani yake palibaki utando uliokauka, naye akaisajili hataza ya kioo cha namna hiyo mwaka 1909. Kioo cha matabaka kikipata ufa hubaki mahali pake, na dereva hufika alikokwenda. Nawasihi mjue leo, kabla ya ajali, paa la gari lenu lina kioo gani. Someni maandishi madogo yaliyochapwa kwenye kona ya kioo, au, ikiwa dirisha linafunguka, tazameni ukingo wake kwa tochi: kioo cha matabaka huonyesha mstari wa utando katikati ya unene wake.

Sasa tuje barabarani, mahali ambapo sekunde tatu za kwanza ni muhimu kuliko kazi yote ninayoweza kuifanya karakanani. Mlio ule hushtua, na mshtuko humfanya mtu akanyage breki kwa nguvu au ageuze uso wake juu kutazama. Yote mawili ni hatari. Gari liko salama; matairi, usukani na breki havikuguswa. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, washa taa za tahadhari, waambie abiria wafumbe macho na kuinamisha vichwa, kisha tafuta pa kuegesha mbali na magari yanayopita. Mara nyingi kioo hufumuka kuelekea juu, kwa kuwa gari linapokwenda kasi hewa ya juu ya paa huwa na shinikizo dogo kuliko ya ndani, lakini zitakuwapo chenga zitakazodondoka ndani, na nyingine zitabaki zimening'inia kwenye fremu zikingoja breki au shimo la kwanza.

Ikiwa pazia la paa lilikuwa limefungwa wakati kioo kinapasuka, liache limefungwa. Limebeba chenga nyingi juu yake, na anayelifungua kwa udadisi hujimwagia zote kichwani. Pia usibonyeze swichi ya kioo, hata kwa nia ya kukifunga ili upepo usiingie. Hili nalisisitiza kwa sababu ndiko uharibifu mkubwa unakoanzia: mota ikivuta fremu iliyobaki, chenga husagwa ndani ya reli, nyaya za kuvutia huchubuka, na kazi iliyokuwa ya kubadilisha kioo peke yake hugeuka kuwa ya kubadilisha fremu nzima.

Mkishasimama, shukeni upande ulio mbali na barabara. Kila mtu ainame mbele na kukung'uta nywele na nguo huku macho yamefumbwa, wala asijipanguse uso kwa kiganja. Kioo kilichokazwa huvunjika kwa pembe butu, na hilo limeokoa nyuso nyingi, lakini ndani ya chenga hizo huwamo vibanzi vyembamba na unga ambao jicho haliwezi kuustahimili. Aliyeingiwa asifikiche, amiminiwe maji safi mengi, polepole, jicho likiwa wazi, na ikiwa maumivu au ukungu wa macho unaendelea apelekwe hospitali. Kipande kilichochoma jicho hakichomolewi wala jicho hilo halioshwi. Linafunikwa na kitu kama kikombe kisicholigusa, na mgonjwa anawahishwa hospitali. Mtoto mchanga atolewe kwanza, avuliwe nguo za juu, na mikunjo ya shingo na masikio itazamwe. Kiti chake kisitumike tena siku hiyo. Chenga huingia ndani ya kifungio cha mikanda, na kifungio chenye chenga huweza kutoa mlio wa kufunga bila kufunga kweli. Kama kitabu cha kiti hakielezi namna ya kukifungua na kukisafisha, mimi humshauri mzazi akibadilishe.

Kabla hamjagusa chochote, piga picha za kioo, za fremu pande zote na za vipande vikubwa vilivyobaki, kwa ajili ya bima na kwa ajili ya fundi atakayetafuta chanzo. Kisha vaa glavu nene, miwani ya kazi na barakoa. Anza juu, malizia chini. Vipande vilivyoshikilia fremu vitolewe kwa nje, pazia likiwa limefungwa na blanketi la zamani limetandazwa juu ya viti. Kama kioo kimepasuka lakini bado kimesimama mahali pake kama wavu, kisisukumwe kutoka ndani. Kibandikwe utepe mpana wa gundi kwa juu, kisha kiondolewe vipande vipande pamoja na utepe wake.

Kufagia viti kwa brashi ngumu ni kosa ninaloliona kila mara, kwa sababu brashi hukandamiza chenga ndani ya kitambaa na huichana ngozi. Tumia mashine ya kufyonza yenye mdomo mwembamba, na kwenye mishono tumia utepe wa gundi, ukiubandika na kuubandua. Sogeza viti mbele hadi mwisho, kisha nyuma hadi mwisho, ufyonze reli zake. Mikanda ya usalama ivutwe yote mpaka mwisho na kufutwa kabla ya kuachiwa irudi, maana chenga inayorudi na mkanda hukata nyuzi zake kidogo kidogo. Matundu ya hewa juu ya dashibodi nayo yafyonzwe kabla feni haijawashwa. Asiyefanya hivyo hupuliziwa unga wa kioo usoni siku akiwasha. Rudia kazi yote baada ya kuliendesha gari siku mbili tatu, kwa kuwa mtikisiko huzitoa zilizokuwa zimejificha.

Kama fundi hapatikani siku hiyo, funika tundu kwa nailoni nzito, ukiikunja ndani ya fremu na kubandika utepe kwa ndani au juu ya raba. Gundi kali ikipikwa na jua juu ya rangi ya gari huondoka na rangi. Kifuniko hicho ni cha kuzuia mvua gari likiwa limeegeshwa. Kwa mwendo wa kasi upepo hukifumua, kikaangukia kioo cha mbele cha gari linalofuata.

Kuhusu kioo kipya nitasema machache. Kinachofungwa kwa skrubu hurekebishwa kimo chake mpaka kilingane na bati la paa, na mota hufundishwa upya mwanzo na mwisho wa safari yake ili uwezo wake wa kusimama unapobana kidole urudi. Kinachobandikwa kwa gundi kiachwe kikauke kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji wa gundi, hata kama mteja ana haraka. Fundi anayelazimika kushusha dari akate betri kwanza na kusubiri kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa kuwa mifuko ya hewa ya pembeni hukunjwa palepale. Reli zifutwe grisi yote ya zamani na kupakwa mpya, maana grisi yenye chenga ni msasa.

Mwisho kabisa, kabla ya kulipokea gari, omba ufanyiwe jaribio la maji mbele yako. Maji kidogo yamiminwe kwenye mfereji wa paa, kona moja baada ya nyingine, na kila kona itoe maji chini ya gari bila kuchelewa. Gari lile nililoanza nalo lilitoa maji kona tatu. Ya mbele kushoto haikutoa hata tone, mpaka nilipoupuliza mpira wake kutoka chini kwa pumzi ndogo ya hewa, kwa sababu hewa ya nguvu ingeuchomoa kwenye kiungo chake, na chenga hizi zikarudi juu moja moja. Nimezihesabu, ni 17. Mnakaribishwa kuzitazama, ila naomba chupa isifunguliwe kwa mikono mitupu.